UZI: Kumbi na nyua zilizoamua mambo ya dunia, toka ua wa mfalme mpaka kizimbani

Nguzo134

Habari za humu wakuu. Leo naomba tukae kwenye kumbi na nyua. Historia tunaisoma kwa majina ya wafalme na tarehe za vita, halafu tunasahau kwamba mambo yote yale yalitokea ndani ya chumba fulani chenye mlango upande fulani, kuna waliokaa na waliosimama, kuna walioruhusiwa kuingia na walioishia nje. Msimamo wangu nauweka mapema ili anayetaka kupinga apinge vizuri: ukitaka kujua nani alikuwa na sauti kwenye dola lolote anza na ramani ya jengo walilokutania, sheria zao utazisoma baadaye.

Ukumbi una paa, ua hauna, ua umezungukwa na kuta au vyumba na uko wazi juu. Vyote viwili kazi yao ya kwanza ilikuwa moja, kukusanya watu mbele ya macho ya mwenye nyumba.

Twende Misri. Pale Karnak kuna ukumbi wa nguzo 134, wa zama za Seti wa Kwanza na mwanae Ramesse wa Pili, karne ya 13 kabla ya Kristo. Nguzo 12 za katikati zinafika kama mita 21 kwenda juu, zile 122 za pembeni ni fupi, na ile tofauti ya urefu ndo iliyowapa mafundi nafasi ya kuweka madirisha ya mawe huko juu, mwanga ukawa unashuka njia ya kati na pembeni pakabaki na giza. Sasa angalia mpangilio wa hekalu zima: kwanza ua mpana wa wazi, kisha huo ukumbi, kisha vyumba vinazidi kuwa vidogo na vya giza mpaka chumba cha mungu wao. Watu wa kawaida siku za sikukuu walifika uani tu, ndani zaidi makuhani, ndani kabisa farao na makuhani wachache mno. Yaani cheo chako kilipimwa kwa hatua ulizoruhusiwa kupiga.

Waajemi wao walifanya kingine. Pale Persepolis mfalme Dario alianza kujenga ukumbi wa Apadana karibu mwaka 515 kabla ya Kristo, mwanae Xerxes akamalizia. Ukihesabu na varanda zake nguzo zilikuwa 72, leo zimebaki 13 zimesimama. Lakini mimi kinachonishika ni ngazi. Ukutani wamechonga ujumbe 23 kutoka kila kona ya dola wanaleta zawadi, ngamia, mitungi, vitambaa, na kila kiongozi wa msafara ameshikwa mkono na mkaribishaji wa mfalme anaongozwa kwenda mbele. Sasa fikiria wewe ni mjumbe umetembea miezi, unapanda zile ngazi, na pembeni yako ukutani unajiona wewe mwenyewe umeshachongwa unaleta zawadi, tena kwa adabu. Kabla hujaingia ukumbini umeshaambiwa ukae vipi. Alexander aliuchoma mwaka 330 kabla ya Kristo, na sidhani alichagua vibaya, alijua kabisa anachochoma.

Nitaendelea, mwenye swali aulize.

Tumbuizo

Tiririka mkuu, nimeshakaa siti ya mbele.

Wakili Mtaani

Uzi mzuri. Swali langu, hawa wafalme na kumbi zao tumewaelewa, sasa ilikuwaje neno la mfalme likageuka kuwa mahakama tunazozijua, jaji yuko juu, mshtakiwa kizimbani, watu nyuma kwenye mabenchi? Hapo katikati ilitokea nini?

Nguzo134

Wakili swali lako ndo moyo wa uzi wenyewe.

Mfalme wa zamani mwenyewe ndo alikuwa mahakama. Haki ilikuwa pale alipo, na wafalme wa Uingereza walikuwa hawakai, leo ngome hii kesho ile, mara wamevuka bahari wako Ufaransa. Wewe una kesi ya shamba na jirani yako inabidi umfukuzie mfalme na mashahidi wako nyuma. Watu walichoka. Mwaka 1215 walipombana mfalme John akatia muhuri ule mkataba wa Magna Carta, kifungu cha 17 kilisema kesi za raia kwa raia zisimfuate mfalme anapozunguka, zisikilizwe mahali pamoja palipopangwa. Kifungu chenyewe ni kifupi sana, mstari mmoja tu, ila kwangu mimi kina uzito kuliko vingi vinavyosifiwa, maana siku haki ilipopata anwani ndo siku mtu wa kawaida alipoweza kujua aende wapi.

Na mahali penyewe pakawa Westminster, London, kwenye ukumbi ulioanza kujengwa mwaka 1097 na mfalme William Rufus. Urefu wake kama mita 73, upana mita 20. Mwanzo ulikuwa wa karamu na sherehe za mfalme. Mwaka 1393 Richard wa Pili akaagiza paa jipya, fundi seremala Hugh Herland akalitengeneza kwa mbao za mwaloni, mihimili inatokeza ukutani kama mikono na kubebana kwenda juu, kwa hiyo katikati hakuna nguzo hata moja. Lile paa liko mpaka leo.

Sasa usifikirie mahakama kama chumba. Mahakama tatu kubwa zilikaa humo humo ndani ya ukumbi mmoja wazi. Mbili zilikuwa mwisho wa upande wa kusini, moja kwenye ukuta wa magharibi, zimetenganishwa na vizuizi vya mbao tu. Na katikati watu wanapita, kuna wauza vitabu na vikorokoro wana vibanda vyao, wakili anamtafuta mteja, mteja anatafuta shahidi. Kelele tupu. Lakini yeyote aliyeingia aliweza kusimama na kusikiliza jaji anasema nini. Mahakama ziliendelea kuwa pale mpaka zilipohamia jengo lao jipya barabara ya Strand mwaka 1882.

Binti Historia

Nguzo134 usipite Westminster bila kumtaja Charles wa Kwanza tafadhali, naomba niingie hapo.

Januari 1649 bunge lilimshtaki mfalme wake ndani ya ukumbi huo huo wa wafalme. Walimwekea kiti chenye kitambaa cha mahameli nyekundu katikati, mbele ya majaji. Hakuvua kofia, maana kuvua ni kukubali kwamba hao ni mahakama, na akagoma kabisa kujibu shtaka, kila siku anawauliza mnanishtaki kwa mamlaka ya nani. Rais wa mahakama ile, John Bradshaw, alikuwa anaogopa kupigwa risasi mle ukumbini kiasi kwamba kofia yake ilishonewa chuma kwa ndani. Kofia yenyewe ipo, iko makumbusho ya Ashmolean pale Oxford.

Kuna tukio moja dogo wakati kesi inaanza. Kichwa cha fedha cha fimbo ya mfalme kilidondoka sakafuni. Charles akasubiri mtu amwokotee kama ilivyokuwa maisha yake yote. Hakuna aliyesogea. Akainama akaokota mwenyewe. Mimi naona pale ndo ufalme ulianguka, hukumu ya tarehe 27 ilikuja kuandika tu kilichokwisha kutokea.

Na tarehe 30 walipompeleka kukatwa kichwa kwa shoka, jukwaa lilijengwa nje ya ukumbi mwingine, Banqueting House, uliobuniwa na Inigo Jones ukamalizika mwaka 1622. Dari la ukumbi ule lina michoro ya Rubens aliyoiagiza Charles mwenyewe, inamwonyesha baba yake akipaa kwa utukufu. Alipita chini ya dari hilo akatokea kwenda jukwaani.

Nguzo134

Binti Historia umelimwaga vizuri. Na ongeza hapo, si yeye peke yake. Louis wa 16 wa Ufaransa alishtakiwa Desemba 1792 kwenye ukumbi wa kufundishia farasi wa kasri lake mwenyewe la Tuileries, Paris, kwa sababu bunge lilikuwa limehamia mle. Na kule Delhi mwaka 1858 Waingereza walimshtaki Bahadur Shah Zafar, mfalme wa mwisho wa Mughal, ile dola iliyotawala India, ndani ya Diwan-i-Khas, ule ukumbi wa marumaru ambamo babu zake walipokea mabalozi. Wakamhamishia Burma akafia huko. Washindi wangeweza kutumia chumba chochote. Walichagua kile ambacho mfalme alizoea kukaa na watu kusimama, halafu wakakaa wao.

kaka_Ramani

Mughal umewagusa juu juu mkuu. Wao walikuwa na kumbi mbili kabisa, Diwan-i-Am ya watu wote na Diwan-i-Khas ya wateule. Ile ya watu wote iko wazi pande tatu, inaangalia ua mkubwa, mfalme anakaa juu kwenye kibaraza ukutani. Na Jahangir aliposhika ufalme, mwaka 1605, aliandika kwamba amri yake ya kwanza ilikuwa kufungwa mnyororo wa dhahabu wenye kengele kutoka ngome ya Agra mpaka nje, aliyeonewa avute. Wangapi waliuvuta kweli ni jambo jingine, ila wazo lenyewe linaeleza kitu, kwamba hata yeye alijua ua wake haufikiki.

Mwana wa Pwani

Wakuu mbona hamji huku kwetu? Yule msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Mogadishu na Kilwa mwaka 1331 na alichokiandika kuhusu Mogadishu ni dhahabu kwa uzi huu.

Anasema siku ya kusikiliza watu, kadhi na mawaziri na waandishi na makamanda wanakaa barazani kwa sultani. Mambo ya sheria ya dini anaamua kadhi. Mengine yanaamuliwa na baraza la mawaziri na makamanda. Lile linalohitaji neno la sultani wanamwandikia barua, naye anajibu hapo hapo nyuma ya karatasi ile ile. Yaani sultani mwenyewe haonekani! Karatasi inaingia ndani, inatoka na jibu mgongoni. Kwa hiyo mashauri yalishagawanywa kwa aina yake na kila aina ina watu wake, karne ya 14, hapa hapa pwani ya Afrika Mashariki.

Na Kilwa, kile kipindi alichopita ndo cha Sultani al-Hasan bin Sulaiman, anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa. Magofu yake yapo juu ya mwamba unaoangalia bahari, vyumba zaidi ya 100, na nyua moja baada ya nyingine: kuna ua mkubwa wa upande wa kusini wenye vyumba vinavyoonekana kuwa vya bidhaa, kuna wa kupokelea watu wenye ngazi za kukalia, kuna bwawa la kuoga la pande nane. Ukitembea toka ua wa biashara kwenda wa baraza kwenda kwa mwenyewe unaona kabisa nani aliishia wapi. Mfano wa Karnak unafanya kazi na hapa.

Nguzo134

Mwana wa Pwani asante sana, ile ya jibu nyuma ya karatasi imenikaa. Nilikuwa nataka kuiweka mwenyewe ila umeiweka vizuri kuliko ambavyo ningeiweka.

Mtazamo Tofauti

Mimi napinga kidogo. Mleta uzi anasema jengo ndo linaamua nani ana sauti. Mbona kuna mahakama hazina jengo kabisa na zimedumu kuliko hizo zenye nguzo? Iceland walianza kukutana Þingvellir mwaka 930, uwanda wa wazi, miamba na upepo tu, msoma sheria anasimama juu ya mwamba na kila mwaka anakariri theluthi moja ya sheria zote kwa kichwa, ndani ya miaka mitatu amezimaliza. Walikutana pale mpaka 1798. Na Valencia, Hispania, kuna mahakama ya maji ya wakulima, majaji wanane waliochaguliwa na wakulima wenzao, kila mfereji mmoja, wanakaa kila Alhamisi saa sita mchana nje ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu. Wamevaa majoho meusi ya wakulima. Hakuna wakili, mambo yote ni ya mdomo, hukumu inatoka pale pale na hakuna rufaa. UNESCO iliitambua mwaka 2009. Hapo ukumbi uko wapi?

Nguzo134

Hoja nzuri na naichukua kwa uzito wake, ila iangalie tena. Wale wa Valencia wanakaa mlangoni pa kanisa kuu, viti vimepangwa duara, kuna uzio umewazunguka na watu wamesimama nje yake wanatazama. Wa Iceland walikuwa na mwamba wa msemaji, na baraza lao la kutunga sheria lilikaa kwenye mabenchi yaliyopangwa duara tatu, wenye kura katikati na washauri wao mbele na nyuma yao. Hayo ni maumbo ya ukumbi, kuta tu ndo hazipo. Na nakubaliana na wewe kwa hili: kutokuwa na kuta kumewasaidia, maana mtu yeyote anaona kila kitu na hakuna mlango wa mtu kufungiwa.

Athene pia walikuwa hivyo kwa kiasi. Kesi ya mwanafalsafa Sokrates mwaka 399 kabla ya Kristo ilisikilizwa na jopo la raia la mamia ya watu, kawaida hesabu ilikuwa 501 ili kura zisilingane. Hakuna jaji wa kitaaluma. Raia 6,000 waliandikishwa kila mwaka na waliokaa siku hiyo walipatikana kwa bahati nasibu, asubuhi ile ile, baadaye wakawa na jiwe lenye matundu ya kuingizia vibao vya majina ili asiwepo wa kuhonga watu mapema. Muda wa kuongea ulipimwa kwa mtungi wa maji wenye tundu chini. Mtungi mmoja uliochimbwa pale sokoni Athene unashika lita kama 6.4 na unaisha kwa dakika 6 hivi. Maji yakiisha umemaliza, uwe tajiri uwe nani.

Wakili Mtaani

Hapo kwenye kukosa kuta mimi nina mfano wa mahakama iliyokosa ukuta makusudi.

Old Bailey ya London, jengo la mwaka 1673. Ukumbi wa kesi uliachwa wazi upande mmoja, hauna ukuta, mvua na upepo vinaingia. Sababu ilikuwa homa ya gereza, ambayo leo tunajua ni taifasi inayoenezwa na chawa, wafungwa walikuwa wanaitoa gereza la Newgate lililo jirani. Watu wakaamini hewa safi itawalinda. Washtakiwa walisimama mbele, majaji upande wa pili, umati nje uani unasikiliza na kupiga kelele.

Mwaka 1737 wakalikarabati, wakaziba ule upande. Inasemekana moja ya sababu ilikuwa kupunguza ushawishi wa umati. Mwaka 1750 homa ikalipuka mle ndani, wakafa watu 60, mmoja wao meya wa London, na majaji wawili. Baada ya hapo majaji wakawa wanakaa na vishada vya maua na majani yenye harufu mbele yao.

Na kitu kingine cha chumba kile, juu ya mshtakiwa kilining'inizwa kioo kinachorudisha mwanga wa dirishani usoni kwake, ili jopo lisome sura yake wakati mashahidi wanaongea. Hebu jiweke pale, kesi ya kifo, na mwanga umeelekezwa usoni kwako wewe peke yako chumba kizima.

Binti Historia

Mungu wangu hicho kioo.

Fundi Samaki

Wakuu mimi ni fundi ujenzi, historia siijui sana ila napenda hii. Naomba kuuliza, makanisa ya zamani yale marefu yenye nguzo pande mbili na nusu duara mwisho, kuna mtu aliwahi kuniambia mwanzo yalikuwa mahakama, ni kweli?

Nguzo134

Fundi Samaki ni kweli, kwa maana ya umbo. Warumi walikuwa na basilika, ukumbi mrefu wa mjini, ya kwanza inayojulikana ni ya Porcia ya mwaka 184 kabla ya Kristo. Humo walifanya biashara, walionana, na walisikiliza kesi. Hakimu mara nyingi alikaa mwisho wa ukumbi kwenye sehemu iliyoinuliwa, nyingine zilikuwa na ile nusu duara. Wakristo walipopata uhuru chini ya kaisari Constantine karne ya 4 walihitaji jengo la kuingiza watu wengi, mahekalu ya Kirumi yasingefaa maana ibada zake zilikuwa za nje na ndani ni nyumba ya sanamu tu. Wakachukua umbo la basilika, alipokaa hakimu akakaa askofu, na mbele yake madhabahu. Ukitaka kuona moja nzima nenda Trier, Ujerumani, ukumbi wa Constantine wa mwanzoni mwa karne ya 4, mita 67 kwa 27 na urefu wa kwenda juu 33, leo ni kanisa.

Kama fundi utapenda pia Padova, Italia. Palazzo della Ragione ilianza kujengwa mwaka 1218, ukumbi wake wa juu una urefu wa mita 81 na upana 27 bila nguzo ndani, paa lake limepinda kama mtumbwi uliogeuzwa. Juu walihukumu, chini walikuwa wanauza nyama na jibini, na wanauza mpaka leo. Kila meza ya hakimu ilikuwa na alama ya mnyama, ng'ombe, mbwa mwitu, na kadhalika, kwa sababu watu wengi hawakujua kusoma, unaambiwa kesi yako iko kwa ng'ombe unaenda kwa ng'ombe. Na kuna jiwe jeusi. Mwenye deni aliyeshindwa kulipa alivuliwa abaki na nguo za ndani, akakalishwa kwa kishindo mara tatu juu ya lile jiwe mbele ya watu, anatamka kwamba anaachia mali zake, kisha anafukuzwa mjini. Ni aibu, lakini kabla ya sheria ile ya mwaka 1231, aliyoiomba Mtakatifu Anthony wa Padova, mwenye deni alikuwa anafungwa jela. Jiwe lilikuwa nafuu!

Tumbuizo

Na viwanja vya michezo? Tenisi, basketi. Navyo vimetoka humo humo kwa wafalme?

kaka_Ramani

Tenisi ndiyo. Ile ya zamani ilichezwa ndani ya ua wenye kuta, mwanzoni kwa kiganja, na mpaka leo uwanja wake wa asili una vibaraza vya paa la mteremko pande tatu na mpira unaruhusiwa kudundia juu ya paa, mabaki ya ua wa zamani. Basketi ilizaliwa ukumbini, Springfield, Marekani, mwaka 1891. Naismith, aliyeubuni mchezo huo, alipigilia vikapu kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi wa mazoezi, na roshani ilikuwa futi 10, ndo maana kikapu kiko sentimita 305 dunia nzima.

Ila uwanja wa tenisi wenye maana kuliko yote ni ule wa Versailles. Juni 20, 1789. Wajumbe wa tabaka la tatu, yaani wasio makuhani wala makabaila, walikuwa wamejitangaza kuwa bunge la taifa siku tatu nyuma, asubuhi hiyo wanafika ukumbini kwao wanakuta umefungwa na askari mlangoni, wanaambiwa unaandaliwa kwa kikao cha mfalme. Wakatafuta chumba chochote kikubwa kilicho karibu, wakaingia kwenye uwanja wa tenisi, kuta tupu hakuna hata viti, wakaapa hawataachana mpaka nchi ipate katiba. Kati ya 577 ni mmoja tu, Martin-Dauch, aliyegoma. Mfalme alidhani akifunga mlango ameahirisha mkutano. Hapo mimi na mleta uzi tuko pamoja moja kwa moja.

Halafu ni hatua chache kutoka kasri lenyewe lenye ukumbi wa vioo, mita 73, vioo 357, matao 17 yanatazamana na madirisha 17. Wajerumani walitangaza dola lao humo Januari 18, 1871 baada ya kuipiga Ufaransa, na Wafaransa wakawaleta humo humo kusaini mkataba wa kushindwa Vita ya Kwanza ya Dunia, Juni 28, 1919. Kumbi zinawekeana kisasi.

Mtazamo Tofauti

Sawa nimesogea kidogo upande wenu. Lakini nipeni mfano wa jengo ambalo limejengwa makusudi kumpa sauti asiye nayo. Yote mliyotaja ni ya kutisha au ya kutekwa.

Nguzo134

Ninao, na uko Afrika. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, Johannesburg, ilifunguliwa mwaka 2004 juu ya kilima kilichokuwa na gereza la Old Fort na Number Four, alikofungwa Gandhi na alikofungwa Mandela. Walibomoa jengo la mahabusu waliosubiri kesi, matofali yake wakayatumia kujenga kuta za ukumbi wa mahakama, ngazi zake nne wakaziacha zimesimama. Kwa hiyo wakili anaposimama kutetea, ukuta ulio mbele yake ni ukuta uliomfunga mtu bila hukumu.

Wazo lao la kuanzia lilikuwa wazee kusikiliza mashauri chini ya mti, nguzo za ukumbi wa kuingilia zimeinama inama kama mashina na mwanga unapenya juu. Meza ya majaji 11 imefunikwa mbele kwa ngozi za ng'ombe, kila jaji na ngozi yake, hakuna mbili zinazofanana. Na nyuma kuna dirisha jembamba refu, nje yake ni usawa wa njia, ukiwa ndani unaona miguu ya watu wanaopita. Jaji kakaa, na kwa nje raia yuko juu yake.

Nimeipenda sana hiyo mahakama, siwezi kuficha. Wangeweza kujenga kuba na nguzo za Kirumi kama miji mingi ilivyofanya.

Wakili Mtaani

Na bunge je? Kabla hujafunga, kwanini mengine wabunge wanakaa nusu duara na mengine wanatazamana?

Nguzo134

Wanaotazamana wamerithi kanisa. Bunge la Uingereza lilipewa kanisa la Mtakatifu Stefano ndani ya kasri la Westminster katikati ya karne ya 16, mabenchi ya waimbaji yalikuwa yanatazamana pande mbili, wabunge wakakaa hivyo hivyo, serikali huku na wapinzani kule. Moto wa 1834 uliteketeza karibu kasri zima, ule ukumbi wa Rufus ukapona. Usiku wa Mei 10, 1941 mabomu ya Wajerumani yakachoma ukumbi wa wabunge, na zimamoto walipoona hawawezi kuokoa vyote wakaelekeza nguvu kwenye paa la Herland. Kwenye mpango wa kujenga upya waziri mkuu Churchill alishikilia usibadilishwe umbo wala usiongezwe ukubwa. Ulifunguliwa mwaka 1950, nafasi za kukaa 427, na wabunge leo ni 650, siku ya jambo zito wengine wanasimama mlangoni.

Nusu duara ni ya Wafaransa, waliitumia bunge lao lilipohamia jengo la Palais Bourbon mwaka 1798. Ila kabla ya hapo, Versailles mwaka 1789 walipokuwa wanabishana kama mfalme awe na kura ya kuzuia sheria, waliomuunga mkono walijikusanya mkono wa kulia wa mwenyekiti na waliompinga wakajikusanya kushoto, kila mtu akitaka kukaa na wenzake na kukwepa kelele za upande wa pili. Hawakupanga kuanzisha chochote. Zimepita karne mbili na zaidi, vyama vya siasa vya dunia nzima bado tunavigawa kwa viti walivyochagua wale watu.

Wakili, hilo la mlangoni nitalirudia kwenye uzi mwingine, maana kuna habari ndefu ya roshani za wageni na waandishi wa habari bungeni, waliruhusiwa lini na walifukuzwa mara ngapi.